Milango Miwili ya Moyo wa Bi Mwatima

Bi Mwatima wa kijiji cha Ole alikuwa na miaka hamsini na minne siku jina lake lilipotoka katika orodha ya mahujaji. Alijiandikisha miaka sita nyuma, mumewe akiwa hai, na mumewe akafa kabla ya siku hiyo kufika. Kwa hiyo asubuhi ya kupima afya, ambayo kila anayekwenda Makka lazima aipite, alivaa baibui jipya, akamchukua bintiye wa mwisho, Raniya, wakashuka mjini Chake na furaha ya watu wanaokwenda harusini.

Hospitali walimpima presha, sukari na damu. Vyote salama. Kisha Daktari Hamzah, ambaye ndiye aliyekuwa akisaini fomu za mahujaji, akamwekea kifaa cha kusikilizia kifuani, akasikiliza. Akakisogeza chini ya titi la kushoto, akasikiliza tena.

"Bi Mwatima, umewahi kuambiwa una tatizo la moyo?"

"Miye?" Alicheka. "Moyo wangu una watoto wanane, daktari. Tatizo lake ndilo hilo."

Daktari hakucheka. "Kuna mvumo nausikia. Damu haipiti kimya. Nenda chumba cha mwisho kule, kwa Bi Khairat, akutazame moyo kwa mashine. Halafu rudi kwangu."

Khairat Mmanga alikuwa mtaalamu wa ultrasaundi. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuangalia matumbo ya waja wazito: mtoto amekaaje, maji yanatosha, kondo liko wapi. Ilipoletwa mashine mpya yenye uwezo wa kutazama moyo, yeye ndiye aliyepelekwa Dar es Salaam miezi sita kujifunza, na aliporudi akawa peke yake hospitalini pale anayeijua. Mashine yenyewe haina miujiza. Hutuma mwilini sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Sauti ikigonga nyama hurudi, na marejeo yake ndiyo yanayochorwa kwenye kioo. Lakini moyo si sawa na mtoto tumboni. Mtoto utamsubiri ageuke. Moyo hausubiri. Unarukaruka mbele yako, na picha unayoiona ni kipande chembamba tu, mfano wa slesi ya mkate. Ukikata slesi upande, utaona kisichokuwepo, au hutaona kilichopo.

Bi Mwatima alikuwa mgonjwa wake wa kumi na tisa siku ile ya Jumatano. Chumba kilikuwa na joto, mvua ya masika imekatika na kuacha mvuke. Khairat alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akamfunika khanga, akampaka jeli.

"Baridi!" alisema Bi Mwatima.

"Nisamehe, bibi. Itapoa sasa hivi."

"Ikipoa zaidi ya hapa n'taganda." Raniya, aliyekaa pembeni na mkoba wa mama yake mapajani, akacheka.

Khairat alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto wa moyo, ule ulio baina ya chumba cha juu na chumba cha chini, kwa sababu mvumo wa aina ile mara nyingi hutoka hapo. Wagonjwa wengi aliokuwa akiwaona waliharibikiwa mlango huo utotoni, kwa homa iliyoanzia kooni, na ukubwani ukawa mgumu na kubana. Akakata slesi, akaliona tundu, akalizungushia mstari. Mashine ikaandika: sentimita za mraba moja nukta mbili.

Mlango mzima huwa na nne na zaidi.

Akabadilisha pembe, akawasha rangi zinazoonyesha mwendo wa damu, akahifadhi kipande kimoja cha picha za video. Alikuwa anataka kuhifadhi cha pili umeme ulipokatika. Jenereta lilikuwa la chumba cha upasuaji peke yake. Alingoja dakika ishirini, nje watu wamejaa kwenye benchi. Fomu za mahujaji zilikuwa ziondoke Ijumaa asubuhi. Angeweza kumwambia Bi Mwatima arudi kesho. Badala yake alichukua kalamu, akaandika: *Mlango wa kushoto umebana sana, moja nukta mbili.* Akatia sahihi.

Daktari Hamzah aliisoma ripoti ile mara mbili kabla ya kumtazama Bi Mwatima usoni. Alimweleza kwa upole kwamba mlango wa moyo wake umekuwa mwembamba, na kwamba kwa joto la kule, kutembea kule na msongamano ule, moyo unaweza kumwangusha njiani.

"Siwezi kukusainia, mama yangu. Nikikusainia nimekuua."

Raniya alianza kulia. Bi Mwatima hakulia. Alisema, "Haya, daktari, ahsante," akainuka, akatengeneza mtandio wake. Mlangoni ndipo alipogeuka. "Watu wameshaniagiza dua," alisema. "Sasa n'tawarejeshea vipi?"

Kesho yake, Alkhamisi, Khairat alifika kazini mapema ili amalize kumbukumbu zilizokatizwa na umeme. Akafungua kile kipande kimoja cha Bi Mwatima, na alikuwa anataka kukipa jina tu na kukifunga. Hakukifunga.

Damu iliyokuwa ikishuka kutoka chumba cha juu ilionekana kwa rangi nyekundu, mfano wa ulimi wa moto. Alishaona mioyo mingi na alijua inavyokuwa: ulimi mmoja, katikati. Hapa palikuwa na ndimi mbili. Zilitoka pamoja, zikashuka sambamba, na baina yao pamebaki weusi. Akarudisha nyuma, akatazama tena. Mbili.

Sasa akaanza kuona na mengine ambayo jana yalikuwa mbele yake na hakuyatazama. Mlango ukibana miaka, damu hujazana nyuma yake na chumba cha juu hufura. Chumba cha juu cha Bi Mwatima kilikuwa cha kawaida kabisa. Nyama za mlango hazikuwa nene wala hazikuwa na chokaa ya maradhi. Na kasi ya damu, aliyoisoma pembeni mwa kioo, ilikuwa kasi ya mtu mwenye afya. Damu inayopenya katika kitundu cha moja nukta mbili huruka kama maji kwenye mpira uliobanwa kwa kidole. Hii ilikuwa inatembea tu.

Alipima nini jana?

Alikwenda kwa mkuu wake kuomba ruhusa ya saa mbili, akawasha vespa yake na kushika njia ya Ole. Nambari ya simu ya Raniya ilikuwa kwenye fomu, lakini aliona jambo lile si la kusemwa kwa simu.

Nyumbani alimkuta Raniya peke yake, anaanika nguo. Msichana alipomtambua uso ukabadilika.

"Mama yuko konde. Mwamtakia nini tena?"

"Nataka arudi nimpime upya. Nadhani jana nilikosea."

"Mwadhani?" Raniya aliliacha shuka kwenye kamba. "Jana mumemwambia moyo wake umeziba. Hajatia kitu mdomoni tangu jana. Leo mwaja na jengine?"

Khairat alisema tu, "Nipeleke kwake, tafadhali."

Konde la muhogo lilikuwa bondeni, na njia ya kurudi ni ya kupanda, yenye utelezi wa mvua. Hawakufika chini. Katikati ya mteremko walikutana na Bi Mwatima mwenyewe anapanda, peku, na pakacha la muhogo kichwani, mkono mmoja umeshika jembe. Alipanda bila kusimama. Alipowafikia alilitua pakacha, akalikalia jiwe, akaitikia salamu kwa sauti nzima kama mtu aliyekuwa amekaa barazani. Khairat, aliyekuwa akishuka tu na hakubeba kitu, ndiye aliyekuwa anatweta.

Alimtazama mwanamke yule kifua chake kinavyopanda na kushuka polepole. Mtu mwenye mlango wa moja nukta mbili asingeupanda mlima ule. Angekaa njiani mara tatu, midomo imebadilika rangi.

"Bi Mwatima," alisema, "nimekuja kukuomba radhi. Jana nilikuandikia kitu kabla ya kumaliza kutazama. Leo nimeiangalia picha yako tena, nikaona jambo ambalo katika maisha yangu sijaliona."

"Baya?"

"Sijui bado. Lakini silo lile nililoliandika."

Bi Mwatima aliufuta udongo mikononi. "Mwanangu, mimi jana nimeshajitoa. Nimeshamwambia Mola, ukinizuia umenizuia. Sasa waja kunifungulia tena, na baadaye ufunge?"

"Naweza kufunga," Khairat alisema. "Sitakudanganya. Lakini nikikaa kimya nitakuwa nimekuzuia mimi, si Mola."

Raniya alimtazama mama yake. Bi Mwatima akasimama na kuliinua pakacha. "Ngojeni nikoge," alisema. "Sendi hospitali na udongo."

Saa tano walikuwa chumbani. Umeme ulikuwepo. Safari hii Khairat alifunga mlango, akawaambia wa nje wamvumilie, na akaanza tangu mwanzo, chumba kwa chumba, kama alivyofundishwa. Alipofika kwenye mlango wa kushoto hakukata slesi moja. Alianza juu na kuteremka taratibu, akikiinamisha kichwa cha mashine, kile anachokipitisha kifuani, kwa kiasi cha unywele, na kila hatua akisimama.

Slesi ya kwanza: tundu moja, lile la jana, dogo, la mviringo. Akainamisha kidogo.

Na pembeni yake likafunguka jengine.

Khairat alikiweka kichwa cha mashine pale pale. Kwenye kioo, katikati ya ukuta wa moyo unaopiga, palikuwa na milango miwili imekaa ubavu kwa ubavu, mmoja mdogo na mmoja mkubwa, na baina yao daraja jembamba la nyama. Ilifunguka pamoja. Ikafungwa pamoja. Ikafunguka. Ilikuwa mfano wa macho mawili yanayomtazama kutoka ndani ya mtu, yakipepesa mara sabini kwa dakika, kimya, bila kukosea.

"Subhanallah," alisema, na hakujua kama amesema kwa sauti.

"Nini?" aliuliza Raniya. "Nini?"

"Subiri. Subiri kidogo, mdogo wangu."

Alirekodi, akaipeleka picha kwa simu kwa mwalimu wake wa Dar es Salaam, Daktari Nizar. Hazikupita dakika tano simu ikalia.

"Khairat, hii umeitoa wapi?"

"Niko naye hapa, mwalimu. Amelala mbele yangu."

"Mtoto?"

"Miaka hamsini na minne. Ana watoto wanane. Asubuhi alikuwa anachimba muhogo."

Mwalimu akasema taratibu, "Miaka ishirini na mbili natazama mioyo. Mlango wa namna hii nimeuona mara tatu, na zote kwa watoto waliokuwa na kasoro nyengine kubwa. Kwa hiyo usifurahi bado. Amezaliwa nao, na kasoro ya kuzaliwa nayo mara nyingi haiji peke yake. Tafuta tundu kwenye kuta za moyo. Tafuta mshipa mkubwa kama umebana unapopinda. Tazama mlango unavuja kiasi gani. Halafu pima milango yote miwili, ujumlishe. Ukipima mmoja tu, utamwambia mtu mwenye afya kwamba ni mahututi."

"Ndivyo nilivyofanya jana," alisema Khairat.

Mwalimu hakumkemea. "Basi leo maliza kazi."

Ilimchukua karibu saa nzima. Alizipitia kuta mbili za moyo kwa rangi, juu hadi chini, na hakuona damu inayovuka pasipostahili. Akapanda mpaka chini ya shingo kuutazama mshipa mkubwa unavyopinda: mpana, laini. Mlango mkubwa ulivuja kidogo, kijitone tu kila unapofungwa, na huo ndio mvumo alioukamata Daktari Hamzah. Mwisho akapima. Mlango mdogo, moja nukta mbili, ule ule. Mlango mkubwa, mbili nukta tano. Akajumlisha mara mbili, ingawa hesabu ilikuwa ya mtoto wa darasa la tatu: tatu nukta saba, karibu sawa na mlango mzima wa mtu mwengine.

Akakigeuza kioo kumwelekea Bi Mwatima.

"Bibi, tazama. Huu ndio moyo wako."

Bi Mwatima alijiinua kwa kiwiko.

"Unakwenda wenyewe?" aliuliza.

"Wenyewe. Sasa tazama hapa. Sisi wengine tuna mlango mmoja mahali hapa. Wewe umepewa miwili. Haujaziba, na hukuugua. Ulizaliwa hivyo. Ulipokuwa tumboni mwa mama yako, moyo wako mzima haujashinda kichwa cha karafuu, kijinyama hiki kikashikana hapa katikati, ukatokea mlango huku na mlango huku. Tangu siku hiyo inafanya kazi."

"Na hakuna aliyejua."

"Hakuna."

"Mama yangu hakujua. Mume wangu hakujua." Alikinyoosha kidole chake cha shahada karibu na kioo bila kukigusa, akawa anaifuata milango inavyofunguka. "Hata mwenyewe sikujua. Na nimekaa nao huu moyo miaka yote hino."

Baadaye akauliza, "Na wa watu ukoje? Huo wa mlango mmoja?"

Khairat alimtazama Raniya. Msichana aliona haya, kisha akavua viatu na kupanda kitandani mahali pa mama yake. Khairat akamfunika khanga ile ile, akampaka jeli. Moyo wa Raniya ulitokea kwenye kioo, mdogo zaidi, wa mbio zaidi kwa hofu, na katikati yake mlango mmoja mpana, unaofunguka kama mdomo wa samaki.

Bi Mwatima alisimama karibu kabisa na kioo. Alikuwa amewazaa watoto wanane, akawafulia, akawaogesha, akawajua kila kovu, na hapa alikuwa anaona kitu cha mtoto wake ambacho hakuwahi kukiona.

"Huyu," alisema polepole, "huyu mwanangu nilimchukua miezi tisa. Damu yote iliyomlisha ilipita wapi?"

"Ilipita kwenye milango yako miwili, bibi. Yeye na wenzake wote saba."

Hapo ndipo Bi Mwatima alipolia. Alilia bila kelele, mkono mmoja umeshika kifua chake na mwengine umeshika mguu wa Raniya, na Raniya, amelala hawezi kujisogeza kwa ajili ya mashine, akawa anasema, "Mama, mama, basi." Kwenye kioo mlango wake mmoja ulipiga mbio. Khairat aliacha kichwa cha mashine kilipo. Alikuwa amefanya kazi ile miaka, na mara nyingi alikuwa akiona vipimo; siku ile aliona mioyo.

Daktari Hamzah aliletewa ripoti mpya saa saba. Aliisoma, akaiweka juu ya ile ya jana.

"Jana uliniandikia moja nukta mbili."

"Nilipima mlango mmoja, daktari. Kosa ni langu. Umeme ulikatika nikaandika kabla sijamaliza."

"Nikamwambia mama wa watu kwamba nitamuua." Alivua miwani. Khairat alingoja maneno mengine, na alistahiki kuyasikia. Lakini daktari alisimama. "Hebu nionyeshe."

Alikitazama kipande kile mara nne, ameinama, mikono nyuma. Kisha akaomba kumsikiliza Bi Mwatima tena, akafunga macho, kifaa kifuani, muda mrefu kuliko kawaida, kama anayesikiliza mtu aliyedhani anamfahamu.

"Utakuwa unakuja hapa kila mwaka," alimwambia. "Ukichoka bila sababu, au ukivimba miguu, usingoje mwaka. Kule unywe maji, ujiepushe na jua la mchana, na barua hii ya maelezo ya moyo wako isitoke kwenye mkoba wako. Akikuona daktari yeyote, mwonyeshe, ili naye asipime mlango mmoja." Akasaini fomu. "Na utuombee, mama yangu. Mimi na huyu mwenzangu. Tuna haja."

Fomu ya Bi Mwatima iliondoka pamoja na nyengine Ijumaa asubuhi. Mwezi mmoja na nusu baadaye aliondoka mwenyewe, na alipofika Makka alimpigia Raniya simu mara moja tu, kusema kwamba watu ni wengi, kwamba amezitaja dua zote alizoagizwa, na kwamba miguu inamuuma lakini pumzi anayo. Alirudi mwembamba, amekolea jua, na watu wakajaa uwanjani kwake siku tatu.

Daktari Nizar aliomba ruhusa ya kuwaonyesha wanafunzi wake picha ile. Khairat alikwenda Ole kumuuliza mwenyewe.

"Jina langu watalijua?"

"Hapana, bibi. Moyo tu."

"Basi waonyeshe. Waangalie mpaka washibe, wasije wakamkatisha mtu tamaa kwa haraka."

Khairat aliinamisha kichwa, kwa sababu maneno yale yalimlenga yeye na aliyastahiki. Bi Mwatima akamsogezea sahani ya muhogo. "Kula," alisema. "Sikukusudia vibaya."

Mwaka ulipotimia alikuja kwa kipimo, bila ya kukumbushwa. Alilala kwa ubavu wa kushoto kabla hajaambiwa, akailalamikia jeli. Khairat alikwenda taratibu, slesi kwa slesi, mpaka mlango mdogo ukatokea, na baada yake ule mkubwa. Alijua itakuwapo, na alijua itakaa wapi. Hata hivyo ilipofunguka pamoja alikaa akiitazama, na Bi Mwatima alipomuuliza kama amemaliza ndipo alipokumbuka kwamba hajabonyeza kitufe cha kurekodi.